Mashimo Manne

Siku ya gulio la Nyakahura, kigoda kilichomoka kwenye pikipiki, kikabiringika katikati ya watu na kugota kwenye cherehani ya Evarista. Alikuwa anapinda shingo ya gauni. Hakuinua hata uso.

"Kama umeleta nishone, mimi mbao sishoni."

Mwenye pikipiki alishuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la kijani limejaa unga wa mbao, viganja vyeusi kwa masizi. Jina lake Malongo, mchongaji wa Kaniha. Wazazi wake walihamia huko kutoka Shinyanga wakifuata malisho.

"Samahani, fundi. Kimekuona kikaruka."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe alikuwa ameshika usukani."

Evarista akacheka. Alivaa kitenge cha njano alichokishona mwenyewe, kimemkaa sawasawa mabegani, na Malongo akaondoka bila kuokota kigoda. Alirudi kukichukua kesho yake. Na keshokutwa, ingawa hakukuwa na kigoda cha kuchukua.

Tangu hapo wakaitana fundi. Simu zikawa asubuhi na jioni. "Fundi, umekula?" "Fundi, unanipotezea uzi, nimeshona mkono kwenye kiuno."

Kazi ya Malongo ilikuwa hivi. Kuna mtu anaitwa Gaspari, anakuja na gari kutoka Mwanza kununua vitu vya kale. Anavipeleka Ulaya kwenye minada ya sanaa za Kiafrika. Huko, kigoda cha mzee aliyekufa zamani kinagombewa na matajiri kama fahali. Kigoda cha mwaka huu hakina mtu. Basi Malongo alichonga vipya, akavipaka samli, akavitundika jikoni juu ya moto wiki sita, vikatoka kama vimerithiwa mara tatu. Gaspari hakuuliza. Malongo hakusema. Evarista aliambiwa ni viti vya wageni, na hapo Malongo alikosea kwa mara ya kwanza.

Alipopelekwa Keza kwa Bibi Deodata, bibi aliyemlea Evarista, alikuta kigoda cha kale kweli, cha miguu minne. Kilikuwa cha marehemu Babu Fideli. Katika ukoo wao, washenga hawasikilizwi mpaka mkuu wa nyumba akae juu ya kigoda hicho. Sasa mkuu wa nyumba alikuwa Bibi.

"Bibi, mguu mmoja una ufa," alisema Malongo. "Nipe nikautengeneze kabla washenga wangu hawajaja."

"Kichukue, mjukuu wangu. Kirudi kizima."

Aliutia mguu kigingi, ukashika. Lakini mkono wa mchongaji ukamwasha. Akakiiga mara tano, na ufa wake, na kigingi chake. Kitu kimoja tu alikirekebisha: mguu mmoja wa kile cha babu ulikuwa mfupi. Alidhani umelika, naye kwa ufundi wake hakutaka kuchonga kitu kilichopinda. Vyake akavilinganisha miguu yote.

Gaspari alikuja mvua inanyesha, ana haraka. Malongo alipokuwa anafunga turubai, Gaspari alijipakilia vigoda vitano mwenyewe. Kati ya sita vilivyokuwa jikoni, pamoja na cha babu, kikabaki kimoja. Malongo akaona ufa, akaona kigingi, akakipeleka Keza moyo mweupe.

Siku ya pili simu ikaita.

"Malongo."

Hakusema fundi. Malongo akakaa chini.

"Nakusikia, mpenzi."

"Kigoda ulicholeta ni cha nani?"

"Cha Bibi."

"Bibi amekaa, kikayumba. Cha babu hakiyumbi. Kimekaa mahali pamoja miaka arobaini, miguu imejichimbia mashimo manne kwenye sakafu, kila mguu na shimo lake. Hiki hakiingii." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umekiuza?"

"Sijakiuza. Kimechanganywa. Nimekosea."

"Mtu anakosea kukata kitambaa. Kigoda cha marehemu unakikosea vipi?"

Ikabidi aseme yote: kuiga, samli, masizi, Gaspari. 

"Kwa hiyo ulivyokuwa unanionyesha vyote ni uongo."

"Vigoda, ndiyo. Mimi siyo."

"Washenga wako wanakuja Jumapili. Bibi anasema hawezi kuwapokea juu ya kiti cha plastiki. Na mimi sijui kama nataka awapokee."

Akakata.

Ilikuwa Ijumaa. Malongo alimpigia Gaspari mara nane, hakupokea. Akawasha pikipiki kwenda Biharamulo mjini, ambako Gaspari hulala kabla ya kurudi Mwanza, kila gari jeupe linalomjia akidhani ndilo lake. Alimkuta kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, miwani kichwani, anafunga vigoda kwenye mablanketi.

"Una bahati, naondoka sasa hivi," alisema Gaspari. "Unataka nini?"

"Kimoja si cha kuuza. Ni cha watu."

"Picha zimeshakwenda kwa watu wa mnada. Vimepewa namba. Hakitoki hata kimoja."

Malongo aliangalia blanketi. Angesema kimoja ni cha kale kuliko vyote, Gaspari angekikumbatia mpaka Ulaya. Kilibaki kisu kilichokuwa mfukoni.

"Basi chukua na hii," alisema. "Vyote vitano nimechonga mimi. Mwaka huu."

Gaspari alicheka. "Unataka kupandisha bei."

Malongo akavuta kigoda kilichokuwa karibu, akaona miguu iko sawa, akakwangua chini yake. Chini ya masizi ukatokea mti mweupe kama muhogo. Gaspari aliacha kucheka. Akampokonya kisu, akakwangua cha pili. Cheupe. Cha tatu. Cheupe.

Akanyoosha mkono kwenye cha nne.  Cha babu kilikuwa cheusi mpaka kwenye moyo wa mti, na kilikuwa kimoja kati ya hivyo viwili.

"Endelea," alisema Malongo. "Nilipoteza wiki sita. Wewe unapoteza dakika."

Gaspari akamtazama, akakitupa kisu. "Na vya mwaka jana?"

"Hivyo hivyo."

"Nina watu wanne huko nimewaapia kwa jina langu." Akavisukuma vyote kwa mguu. "Ondoa takataka zako. Usinipigie tena, na hakuna mnunuzi atakayekugusa kuanzia leo."

Vitatu Malongo alimwachia mlinzi akalie. Viwili ambavyo havijaguswa akavifunga kwenye pikipiki. Hakuvipima wala kuvikwangua. Hakutaka tena kuhukumu kitu cha Bibi kwa jicho lake.

Jumamosi alifika Keza amekunjamana kama nguo iliyolaliwa. Evarista alikuwa mlangoni, kitambaa kichwani, hakumpokea mzigo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete."

Bibi aliweka cha kwanza kwenye mashimo. Kikayumba, tak, tak. Evarista akaangalia pembeni. Bibi akaweka cha pili. Mguu mmoja ukazama, wa pili, wa tatu, na ule mfupi ukagusa chini. Kikanyamaza. Bibi akakaa, akavuta khanga magotini.

"Kesho wasichelewe," alisema. "Mengine kamuulize huyu binti."

Evarista alitoka nje. Malongo akamfuata, akamsimulia ya Biharamulo.

"Ulimwambia Gaspari vyote umechonga wewe? Hata cha babu?"

"Hata hicho."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Mara moja. Vinne vilikuwa ukweli."

Akajizuia kucheka, ikamshinda kidogo. "Na sasa utakula nini?"

"Nitachonga viti vya kukalia watu. Havina mnada, ila havina kujificha."

"Ukinificha tena kitu, Malongo, nitakushona mdomo. Najua sindano ipi."

"Sawa."

Evarista alirudi ndani, akatoka na kimoja cha vile vilivyoyumba, akakiweka mbele ya miguu ya Malongo.

"Kwako Kaniha sakafu ni ya sementi?"

"Ya udongo."

Evarista akakaa juu yake. Kikalia tak, tak.

"Basi hiki ni chetu, fundi. Sakafu yetu bado haijachimbika."