Kompyuta Zilizoitana Bila Kunyamaza

Kila alasiri, baada ya kufagia darasa, Msumari na rafiki yake Bonge walikimbilia chumba cha kompyuta. Msumari alikuwa msichana mwembamba kama jina lake la utani, na maneno hayakumpa shida. Shangazi yake, fundi wa mitandao aliyewafundisha hapo shuleni, alikuwa amewapa kazi ya kutunga programu yenye kanuni za kompyuta kuitana. Moja itume "Nakuita", nyingine ijibu "Nakusikia", ndipo ujumbe upite.

Bonge aliandika sehemu ya kuita. Msumari aliandika sehemu ya kungoja: jibu lisipokuja, kompyuta ipumzike, iite tena, na baada ya mara tatu inyamaze. Alitakiwa kuijaribu kwa kuchomoa waya wa mtandao. Lakini uwanjani wenzake walikuwa wakiruka kamba, na miguu ikamwasha. Bonge alipouliza, Msumari alimjibu bila kupepesa macho kwamba ameshajaribu, mambo shwari.

Kesho yake wanafunzi wa darasa la juu walikuwa chumbani humo wakimalizia kwenye kompyuta michoro yao ya mashindano. Bonge akawasha programu yao mpya. Mmoja wao akajikwaa, waya ukachomoka. Basi kompyuta zikaita, zikaita, zikaita bila kupumua, mpaka mtandao ukaziba. Skrini zikaganda. Michoro ya siku hiyo ikapotea yote.

Wanafunzi wale hawakuuliza. Kiongozi wao, waliyemwita Nyundo, alimkaba Bonge shingo akambamiza ukutani. Bonge akarusha ngumi. Ikajibiwa kwa ngumi mbili, nazo zikajibiwa kwa teke. Kiti kikapaa, kioo cha dirisha kikamwagika sakafuni. Watatu wakamkalia kifuani, wakimuuliza kati ya kipigo na kipigo kama bado anajifanya profesa. Damu ilimchuruzika puani mpaka kwenye kola.

Msumari alisimama mlangoni. Akamwona Nyundo ananyanyua mguu wa kiti kilichovunjika. Akajitupa katikati. Ukampata yeye, mkononi.

"Ni mimi," alisema, akilia. "Sikujaribu. Nilimdanganya."

Nyundo akauachia ule mguu wa kiti.

Shangazi alipofika aliwafuta damu kwanza, akawafunga bandeji, ndipo akawapeleka Nyundo na wenzake kwa mwalimu mkuu. Siku iliyofuata wote waliketi chumbani humo, Nyundo akiokota vioo. Msumari aliandika upya kwa mkono mmoja, akachomoa waya mbele yao. Kompyuta ikaita mara tatu, ikanyamaza.

"Mnaona?" alisema Shangazi. "Mashine haijui kusema basi, mpaka mtu aiandikie. Wewe Nyundo una akili, lakini ngumi yako hukuiambia basi. Na wewe mwanangu, ungesema kweli juzi, mwenzako asingemwaga damu jana."

Msumari aliinamisha kichwa. Akamwomba Bonge radhi, taratibu, mbele ya wote. Bonge, mdomo umemvimba kama andazi, alichomeka waya tena, akamsogezea kompyuta.

"Chomoa," alisema. "Safari hii nahesabu mwenyewe."