Kapteni Aliyebaki Peke Yake

Kila akirudi kutoka shuleni, Chiriku alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo vya asubuhi, akafagia sebule, kisha akakaa mezani na daftari la hesabu. Mama yake alikuwa na sharti ambalo halikuwa na mjadala: kazi za nyumbani kwanza, za shule pili, simu mwisho. Chiriku alilifuata, ila mwili wake haukutulia. Mguu wake ulitikisika chini ya meza, na macho yalikimbilia kabatini, ilipowekwa simu ya zamani ya mama.

Jina la Chiriku alipewa na babu yake, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa kapteni wa Kikosi cha Radi.

Kikosi hicho kilikuwa cha mchezo wa mtandaoni uitwao Ngome na Bendera. Timu mbili za watu wannewanne hupambana, kila moja ikilinda bendera yake huku ikijaribu kuiba ya wenzao. Chiriku alikianzisha pamoja na binamu yake Kijiko, mtoto wa mjomba aliyeishi mji mwingine, mwembamba kama kijiko chenyewe. Kisha wakaja wanafunzi wawili wa darasa lake: Bonge, jirani mpole mwenye mwili mkubwa, na Miwani, msichana asiyesema sana lakini anayeona kila kitu. Miwani alilinda lango, na ilikuwa shida kumpita.

Mwanzoni walicheza wakicheka. Walikuwa wakizungumza kwa vipaza sauti, na aliyekuwa na wazo alilitoa. Lakini kikosi kilipoanza kupanda ngazi, Chiriku naye akavimba kichwa. Alitaka aitwe Kapteni. Ngao nzuri zilizopatikana kwa jasho la wote alizichukua yeye. Saa za mazoezi alizipanga bila kumuuliza mtu, ingawa alijua kwamba jioni Bonge huwaogesha wadogo zake, na kwamba kwa kina Kijiko umeme ulikuwa wa kubahatisha.

"Asiyeweza aseme, nitafute mwingine," ndivyo alivyowaambia. Hakuna aliyesema. Chiriku akadhani wamekubali.

Siku ya kuwania nafasi ya kuingia Kombe la Likizo, shindano kubwa la mchezo huo, walikutana na timu ngumu. Mchezo ulikwenda sare mpaka mwishomwisho. Chiriku alikuwa ndani ya ngome ya wapinzani, amezingirwa, na alitaka msaada haraka.

"Miwani, toka langoni uje huku," aliamuru.

"Nikitoka, nyuma hakuna mtu," Miwani alijibu.

"Kapteni ni nani hapa? Nimesema toka."

Miwani akatoka. Hakuwa amefika hata nusu ya njia wapinzani wawili walipojipenyeza kwenye lango lililo wazi, wakabeba bendera, wakapotea nayo. Mchezo ukaisha. Kikosi cha Radi kikawa kimeshindwa.

Chiriku alifoka. "Miwani, ulikuwa umelala? Lango lilikuwa lako. Umetuangusha wote."

Kisha Bonge akakohoa. "Lakini Kapteni, si wewe uliyemwambia atoke?"

"Naona umepata kazi ya uwakili," Chiriku alimjibu. Kabla hajafikiri mara mbili, aligusa jina la Miwani na kubonyeza kitufe cha kumtoa kikosini. Jina likafutika.

"Binamu," Kijiko alisema taratibu, "mimi nacheza ili nipumzike. Kufokewa kunanitosha kwa mwalimu wa zamu." Naye akatoka mwenyewe.

Kesho yake Chiriku alimaliza kazi zake mbiombio, akafungua simu, akasubiri. Bonge hakuonekana. Baadaye ukaja ujumbe wake: "Nimeingia kikosi kingine. Usinikasirikie." Juu ya kioo, chini ya picha ya radi, lilibaki jina moja tu, na pembeni yake taji dogo la kapteni.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuhangaika. Alikaa, akainuka. Alikwenda dirishani, akarudi, akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Alikaribisha wachezaji asiowajua. Wa kwanza hakusema neno, akatoka katikati ya mchezo. Mwingine alikuwa na sauti ya ukali, na bendera ilipochukuliwa alimgeukia: "Wewe, ulikuwa umelala? Umetuangusha wote." Chiriku alizima simu. Maneno yale aliyajua vizuri mno, na hakutaka kukumbuka alikoyasikia.

Shuleni napo hakukukalika. Wakati wa mapumziko, Bonge na Miwani walikaa ukutani, karibu na mabomba ya maji, wakichekeshana. Chiriku alipokaribia, kicheko kilikatika. Miwani alifuta miwani yake kwa ncha ya sketi, akainuka, akaenda zake. Chiriku alijifanya amekuja kunywa maji. Alikunywa mengi kuliko kiu yake.

Jumamosi mama alimwamsha mapema. "Vaa twende. Sare za shule zinatakiwa wiki ijayo, na mikono haitoshi. Utatusaidia kukata nyuzi."

Mama yake alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kidogo cha kushona. Kilikuwa chumba kirefu chenye safu za mashine, harufu ya kitambaa kipya na pasi ya mvuke, na vumbi la pamba lililokaa mpaka kwenye nyusi za mafundi. Chiriku alipewa mkasi mdogo na rundo la mashati, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia. Mashine zilinguruma kiasi kwamba hata yeye hakupata nafasi ya kuongea.

Asubuhi ilipokuwa imesogea, dada mmoja wa upande wa vifungo alimwita mama, akamtandikia shati mezani. Mfuko ulikuwa umeshonwa kifuani upande wa kulia, wakati ulitakiwa uwe kushoto. Mama akachukua shati la pili, na la tatu. Yote yalikuwa hivyohivyo. Rundo zima la jana.

Chiriku aliacha kukata nyuzi. Alimwona fundi wa mifuko, mama mnene aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani, akiinamisha uso. Chiriku alijua fika angesema nini kama angekuwa yeye msimamizi. Angeuliza nani aliyeshona.

Mama yake alipiga makofi mara mbili. Mashine zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

"Jamani, mashati ya jana yote mfuko umekaa pasipo pake," alisema. "Kosa ni langu. Niliusoma mchoro haraka nikaelekeza vibaya. Fundi wetu wa mifuko aliniuliza kama nina hakika, nami nikamwambia aendelee tu. Nilipaswa kumsikiliza. Samahani, fundi. Samahanini nyote, maana leo tutachoka kwa sababu yangu."

Kisha akavuta kiti, akachukua wembe wa kufumulia, akaanza kufumua mfuko wa kwanza yeye mwenyewe.

Fundi wa mifuko akainua uso. "Kwa mwendo huo, mama, hao watoto watamaliza shule kabla hujamaliza rundo," alisema. Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akasogeza kiti akae karibu na mama. Wengine wakafuata. Mchana ulipopita, mifuko ilikuwa imefumuliwa yote, na hakuna aliyekuwa amenuna.

Njiani kurudi, Chiriku alitembea kimya mpaka mama akamtazama mara mbilimbili.

"Unaumwa?"

"Hapana. Mama, hukuogopa watakudharau?"

"Niliogopa. Lakini wote walijua nani alielekeza. Ningemsingizia fundi, ningekuwa nimejidanganya peke yangu."

Ndipo Chiriku alipofunguka. Alisimulia yote: lango, amri, kitufe, jina lililofutika. Aliongea mpaka wakafika kwenye kona ya nyumbani. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Miwani umemwambia hivyo?"

"Bado."

"Basi unamweleza asiyehusika."

Jumapili Chiriku alikwenda kwa kina Miwani. Alipita mlangoni mara moja bila kubisha hodi, akafika mwisho wa njia, akageuka. Safari ya pili akabisha. Bibi yake Miwani alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Siku hizi umetusahau kabisa. Mwenzio yuko nyuma anaanika."

Miwani alimwona, akaendelea kukung'uta shuka. Chiriku alishika ncha ya pili bila kuombwa, wakaitandaza kwenye kamba.

"Nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Lango lile nililiacha wazi mimi."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua hata kabla sijabonyeza."

"Mbona ulinitoa?"

Chiriku alinyoosha mkunjo wa shuka. "Sikutaka kosa likae kwangu. Nikakutupia wewe."

Miwani alibana shuka kwa vibanio, bila haraka. "Hapa nyuma ya nyumba hakuna anayekusikia ila kuku," alisema. "Kunitupia ulinitupia mbele ya wote."

Maneno hayo yalimchoma, lakini hayakuwa na uongo. Jioni, baada ya vyombo na daftari, Chiriku aliwapigia wote watatu kwa pamoja. Mguu ulikuwa unatikisika tena.

"Sitawachelewesha," alisema. "Siku ile tulishindwa kwa sababu yangu. Miwani alinionya, sikumsikiliza, kisha nikamlaumu. Bonge ulisema kweli, nikakudhihaki. Ngao zenu nilizichukua mimi, na saa zenu nilizipanga mimi. Naomba msamaha. Sitaki tena kuwa kapteni."

Chiriku alitamani kuongeza maneno, akajizuia.

"Kwanza nafasi ya Kombe tumeshaikosa," Bonge alisema hatimaye. "Hatutacheza."

"Najua. Hilo nalo ni langu."

Kijiko akacheka. "Haya, huyu kweli ni binamu yangu? Angalieni namba vizuri."

Hata Miwani alicheka kidogo. Walizungumza kwa muda, safari hii wote. Walikubaliana kucheza saa ambazo Bonge amemaliza kuogesha wadogo zake, na umeme ukikatika kwa kina Kijiko, wamsubiri. Bonge aliahidi kuaga kikosi chake kipya. Ngao zingekwenda kwa anayezihitaji. Kapteni wakamchagua Miwani. Aliwaambia hataki kuitwa Kapteni, Miwani inatosha.

Mchezo wao wa kwanza walishindwa. Chiriku alijikunyata akisubiri kelele.

"Hapo nilichelewa kuwaita mrudi," Miwani alisema. "Tujaribu tena?"

Wakajaribu tena. Chiriku alicheka mpaka mama akaja kusimama mlangoni, akiwa na pasi mkononi.

"Mmerudiana?"

"Tumerudiana. Ila mimi si kapteni tena."

"Inakuuma?"

Chiriku alifikiri. "Kidogo. Nilidhani walipokuwa kimya walikuwa wananitii."

Mama aliweka pasi chini, akakaa kando yake kitandani. "Walikuwa wameshaanza kuondoka, mwanangu. Watu wakiogopa kukuambia umekosea, hata kama wamekaa mbele yako, umeshawapoteza. Anayekufuata amekukabidhi imani yake, na imani ya mtu haitumiki kujikweza. Ukikosea, sema mapema na useme mbele ya wale wale. Ukipatia, wataje walioifanya kazi. Fanya hivyo popote utakapokuwa, uwe unaongoza au unaongozwa."

Alinyoosha mkono, akapokea simu. Muda wa simu ulikuwa umekwisha. Chiriku aliitoa bila kubembeleza, akaenda kuandaa meza ya chakula.