Rangi ya Kijani Kwenye Miwani

Kila Jumamosi Ndunge ndiye aliyeosha vyombo nyumbani kwao katika mtaa wa Woodley. Siku hiyo, alipomaliza masufuria, aliiona miwani mpya ya baba yake mezani. Aliigeuza kwenye mwanga akaona rangi ya kijani iking'aa juu ya kioo, kama mafuta. Akadhani ni uchafu. Akachukua sponji na unga wa kusugulia masufuria, akaisugua mpaka ile kijani ikatoweka, kisha akairudisha mahali pake, moyo mweupe kabisa.

Baba yake, Bwana Masila, alikuwa dereva wa gari la kusambaza mikate. Miwani ile aliinunua ili taa za magari zisimtie kiwi akirudi jioni kwa Barabara ya Ngong. Siku hiyo aliondoka nayo mchana kwenda kazini, na jioni taa zilimpiga machoni, nusura amgonge mwendesha baiskeli. Aliingia nyumbani akifoka kwamba ameuziwa kioo cha dirisha, na ile kijani aliyoonyeshwa dukani haipo. Ndunge alielewa papo hapo. Alinyamaza.

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa, basi akaenda na baba yake kwenye duka la miwani katikati ya jiji. Wateja walikuwa wamejaa. Mwenye duka, Bwana Mbuthia, aliitazama miwani mara moja tu, asiulize hata ilivyotunzwa. Alimgeukia Njambi, msichana aliyezitengeneza lenzi zile, akamwambia mbele ya wote kwamba ameiba lenzi nzuri na kuweka za ovyo. Njambi alijaribu kujieleza, akakatizwa. Alipojaribu tena, aliambiwa avue koti la kazi aende zake. Jamani, mtu anaitwa mwizi hivi hivi tu, na wateja, watu wazima na akili zao, wanatikisa vichwa kana kwamba walimshika!

Ndunge alimwona akifungua vifungo vya koti. Damu ilimchemka. Alimkasirikia Mbuthia, akamkasirikia baba yake aliyekuwa akiitikia kila neno, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe.

"Si yeye," alisema kwa nguvu. "Ni mimi niliyeisugua kwa unga wa masufuria. Nilidhani ile kijani ni uchafu."

Njambi alisema hilo ndilo alilotaka kueleza tangu mwanzo. Ile kijani ilitokana na utando mwembamba kuliko unywele, wa madini yenye vitundu vidogo mno na chembe za metali zisizoonekana kwa macho. Utando huo ndio unaozuia mng'ao, na ukishakwanguliwa, lenzi ni kuagizwa upya.

Bwana Mbuthia alikohoa, akamwambia arudi kazini, mambo yaishe.

"Hayaishi hivyo," alisema Njambi. "Umeniita mwizi mbele ya watu hawa. Niombe msamaha mbele yao."

Bwana Masila alitangulia kuomba. Mbuthia akafuata kwa sauti ya chini. Njambi akamwambia arudie, walio nyuma hawakusikia. Akarudia.

Walipotoka nje, Bwana Masila alimshika binti yake bega.

"Kuisugua, ulikosea kwa kutojua. Mimi nilikosea kwa kufoka kabla ya kuuliza," alisema. "Lakini tangu Jumamosi ulijua, ukanyamaza, na mtu asiye na hatia amefedheheshwa. Ulisema ukweli, mama, na nashukuru. Ila ulipaswa kuusema nyumbani, kabla hajaumia mtu."