Usukani wa Emilian

Yaliyomkuta rafiki yangu Renatus wa Kitete yalianza na kazi ndogo tu: kuunganisha usukani mpya wa gemu na pleistesheni kuukuu ya marehemu kaka yake, Emilian, dereva wa lori la tumbaku.

"Vitu vya marehemu haviguswi kabla ya kuanua matanga," dada yao Paskazia alimwonya.

Renatus akafunga madirisha ili picha ya runinga ionekane vizuri, akachomeka waya. Mashine haikuutambua usukani. Alipojaribu tena, umeme ukakatika.

Gizani akasikia kwi, kwi. Usukani ulikuwa unakata kona taratibu. Akarudi nyuma hadi ukutani, usukani bado unazunguka.

Paskazia alipofungua dirisha, usukani ulikuwa umetulia. Pale mikono inaposhika palikuwa pamelowa jasho, linanuka tumbaku.