Kichupa cha Miiba Mingi

Friza haikuvunjwa. Kufuli lilikuwa mahali pake, ufunguo ukining'inia msumarini kama siku zote. Lakini Jumatatu hiyo asubuhi, kwenye kreti ya vichupa, tundu moja lilikuwa tupu.

Inspekta Mukami aliinama akalitazama. "Kilikuwa na nini, daktari?"

Daktari Nuradin, mkuu wa maabara ile ya utafiti huko Kaloleni, alikuwa amelowa jasho. "Kirusi cha surua. Kiko hai."

"Na hivi vingine?"

"Surua pia. Ila tumeviotesha kwa namna mbili. Afande, unajua kishona nguo?"

"Ile mbegu inayong'ang'ania sketi ukipita majanini?"

"Hiyo hiyo. Ikiwa na vimiiba vingi, haibanduki. Ikiwa navyo vichache, inadondoka. Kirusi nacho kina miiba ya protini mwilini, ndiyo hushikia seli kabla hakijaingia. Vichupa vya kifuniko cha kijani, miiba ni michache, havishiki vizuri. Vya kifuniko chekundu, miiba imesongamana. Kilichoibwa ni chekundu."

Mukami alilitazama tena lile tundu tupu. Mwizi alikuwa amechagua.

"Kikimwingia mtoto ambaye hajachanjwa?"

"Akipata chanjo ndani ya siku tatu, huenda tukamwokoa. Zikipita..."

Mzazi unayesoma, hizo siku tatu uziweke moyoni.

"Mlivihesabu lini mwisho?"

"Ijumaa saa kumi. Tulipofunga alibaki Kui tu, msafishaji, akipiga deki. Mama mpole sana yule."

Kui aliitwa. Aliingia akijipangusa mikono kwenye aproni.

"Mama Mureithi, Ijumaa ulifungua friza?"

"Mimi? Yangu ni ndoo na mopu, afande."

"Kuna kichupa kimepotea."

"Ngai! Poleni."

"Kinaweza kuua watoto."

Kui alicheka, kicheko kikavu. "Aa, usinitishe bwana. Si hicho cha miiba mingi ndicho kinafundisha mwili?"

"Sijataja miiba," Mukami alisema polepole. "Umeitoa wapi?"

Kui alitazama mlango. Konstebo alikuwa amesimama hapo.

"Daktari alikuwa anafundisha wanafunzi, mimi napanguza madirisha. Akasema mwili wa mtoto hujifunza ugonjwa kwa kuiona miiba yake. Nikaona, basi ikiwa mingi si atajifunza zaidi?"

"Mama, nilikuwa naeleza chanjo!" Nuradin alipiga kelele. "Chanjo imedhoofishwa. Hiki kilikuwa kizima!"

"Umempa nani?" Mukami aliuliza.

"Kiko tu nyumbani."

"Mwanao Mureithi umempa?"

"Haki ya Mungu, Mureithi sijampa hata tone."

Mukami alimwamini. Na hapo ndipo hofu ilipomwingia kabisa.

Walimpeleka Kui kwake Huruma, ghorofa ya nne. Mlango ulifunguliwa na jirani yake, Raho, akiwa na watoto wawili wa miezi kumi: Mureithi wa Kui, na Yurub wake mwenyewe. Ndio mpango wao hao mama. Kui akiwa kazini, Raho analea wote wawili. Jumamosi Raho akienda kuuza vitambaa, zamu ni ya Kui.

Kichupa kilikuwa ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Mukami alikiinua kwenye mwanga wa dirisha kwa mkono wenye glavu.

"Nusu haipo, Kui."

Kui aliketi sakafuni. "Kliniki iliishiwa chanjo. Kila nikienda, rudi wiki ijayo, rudi wiki ijayo. Ploti ya nyuma wamezika mtoto kwa surua. Nikifunga macho namwona Mureithi kwa sanduku."

"Nusu iko wapi?"

"Nilitia matone puani. Jumamosi, saa nne hivi."

"Pua ya nani?"

Raho alikuwa ameshaelewa. Alimnyakua Yurub akamkumbatia, mtoto akaanza kulia.

"Nilitaka nione kwanza," Kui alinong'ona. "Kama ingemdhuru... basi wangu nisimpe."

Raho hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mama Mureithi, uliniambia nenda tu sokoni dada, huyu ni wangu."

Mukami alitazama saa. Saa sita mchana. Siku tatu zingeisha kesho saa nne. Simu ililia: Nuradin amepata hospitali yenye chanjo, wanangojewa, na watoto watengwe na wengine.

Pingu zilifungwa. Mlangoni Kui aligeuka.

"Afande, na Mureithi? Amelala na Yurub kitanda kimoja, na bado hajachanjwa. Nani atampeleka?"

Raho alichukua leso, akamfunga Mureithi mgongoni, Yurub akambeba kifuani.

"Nitampeleka mimi," alisema. "Lakini leo wa kwanza kudungwa ni wangu."