Kipande cha Paipu ya Levo

Kila asubuhi kabla sijavaa sare, kazi yangu ilikuwa kufungua boneti ya pikapu ya baba na kuangalia maji na oili. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, imenizidi umri mara mbili, na kwa jinsi ilivyokohoa kabla ya kuwaka tukaipa jina Kikohozi. Nami nyumbani waliniita Kwanini. Sababu utaiona mwenyewe.

Asubuhi moja nilipofungua boneti, harufu ya petroli ilinipiga puani. Mpira mweusi unaopeleka petroli kwenye kabureta ulikuwa umepasuka, unadondosha tone moja moja. Nikamwita baba mbio.

Baba ni mwashi, na siku hiyo wenzake walikuwa wanamsubiri wamwage zege. Alitazama mpira, akatazama saa, akang'ata mdomo. Kisha aliingia stoo akatoka na paipu nyembamba ya plastiki, ile inayoonyesha ndani, ambayo waashi huijaza maji kupimia levo, yaani usawa wa ukuta. Alikata kipande, akakichomeka mahali pa mpira mbovu na kukikaza kwa waya. Kiliingia sawasawa, utadhani kilizaliwa pale.

"Baba, kwa nini ule ulikuwa mweusi na huu unaonyesha ndani?"

"Ili upate cha kutazama," alinijibu huku akicheka. "Haya, kavae sare, utachelewa."

Na kweli nilitazama. Petroli ilipita humo ndani na vipovu vyake, nami nikafurahi kama niliyefunguliwa mlango wa siri. Lakini darasani siku nzima swali lilinikaa kichwani. Plastiki ile ilizoea maji. Je, petroli itaipenda?

Stoo kulikuwa na kopo la petroli ambamo baba alilowekea bolti zenye kutu. Alishanionya: "Kopo hili usiliguse. Sisemi usiliguse sana, nasema usiliguse kabisa." Nami, uso mkavu, nilisubiri aondoke. Niliokota kipande cha paipu kilichobaki, nikakifunga uzi, nikakitumbukiza ndani ya kopo na kurudisha kifuniko. Nilinawa mikono mara tatu na harufu bado haikutoka.

Siku kumi zikapita; kila asubuhi niliiona paipu ya kwenye gari ikigeuka manjano, nikadhani ni rangi ya petroli tu. Kumbe katika siku hizo Bibi, mama yake baba, alikuwa amepata tarehe ya kupasuliwa jicho. Jumamosi alfajiri baba angempeleka hospitali kwa Kikohozi, safari ya nusu siku yenye milima mikali. Bibi alikuwa ameisubiri tarehe hiyo mwaka mzima.

"Nataka nimwone huyu Kwanini vizuri," alisema. "Nijue huo mdomo wake una ukubwa gani."

Ijumaa nilipotoka shule nilivuta ule uzi. Kipande kilikuwa kimegeuka rangi ya manjano. Nilikianika dirishani, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi kilikuwa kigumu kama ukucha. Nikakipinda kidogo tu. Ka! Kikavunjika vipande viwili mkononi mwangu.

Nikisema, itabidi niseme nilikiloweka wapi. Nisiposema, kesho Bibi atapanda gari lenye paipu kama hii. Nilifikiria kumwambia baba kwamba nimeota ndoto mbaya. Nilifikiria kusingizia kwamba mwalimu ndiye aliyetufundisha kuhusu petroli na plastiki. Basi Bibi akaniita chumbani nimtafutie kiatu chake cha pili. Kilikuwa pale pale mbele ya mguu wake, naye alikuwa anakipapasa hewani. Nikamvisha, nikatoka nje moja kwa moja kabla sijabadili mawazo.

Baba alikuwa anafuta kioo cha Kikohozi. Shangazi, mdogo wake baba, ambaye ni fundi magari, alikuwa ndiyo kwanza amefika kuangalia matairi.

"Baba, nimefanya kosa," nilisema, machozi yakinitoka. "Nililoweka paipu ya levo kwenye kopo lako la petroli. Tazama."

"Kwenye kopo gani? Lile lile?" Baba alifoka hadi kuku wakatawanyika. "Si nilikukataza, wewe mtoto?"

"Kaka, ngoja kwanza," alisema Shangazi, akivichukua vile vipande. "Hii paipu ina uhusiano gani na gari?"

Baba alinyosha kidole kuelekea boneti. Shangazi alimtazama, akaifungua. Paipu ilikuwa ya manjano, na pembeni ya waya palikuwa na ufa mwembamba uliolowa. Chini yake kidogo tu palipita bomba la moshi, ambalo injini ikichemka huwa la moto kuliko kikaango.

"Mama yangu," baba alinong'ona, akaketi juu ya ndoo.

Shangazi hakupoteza muda. Aliacha injini ipoe kabisa, akatoa waya wa betri, kisha akachomoa mipira miwili myeusi kwenye mkoba wake. "Chagua wa petroli," aliniambia.

Yote ilikuwa na unene mmoja. Niliigeuza geuza mpaka nikaona maandishi ubavuni. Mmoja uliandikwa wa maji, mwingine wa petroli.

"Hapo sawa. Huu ndani yake hauliwi na petroli. Na tundu lake liwe kipimo cha bomba la petroli. Likizidi linavuja, likipungua unalazimisha mpaka mpira unachanika."

"Kwa nini hukati kwa msumeno?"

"Msumeno unaacha chembe, na chembe zikifika kwenye kabureta, mtalala njiani." Aliukata kwa wembe mpya, akausukuma upite nundu iliyo mwishoni mwa bomba hilo, akakaza klipu ya chuma nyuma ya nundu. Aliuacha mrefu kidogo, mbali na bomba la moshi, usivutike injini inapotikisika.

"Na ule wa kule kwenye tangi, Shangazi?"

Aliingia uvunguni na tochi. "Lo! Umepasuka kama kisigino changu. Huu nao tunabadilisha."

Kikohozi ilikohoa mara tatu, ikawaka. Nilipitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Ilitoka kavu.

Baba aliniita kando. "Mwanangu, kuchezea petroli umekosea sana. Cheche moja tu, stoo ingewaka na wewe ndani. Lakini mimi nimekosea zaidi. Uliniuliza swali la maana, nikakujibu kwa mzaha kwa sababu nilikuwa na haraka. Kuanzia leo, ukitaka kujaribu jambo la hatari, njoo tujaribu wote. Na ukijua jambo linaloweza kuokoa watu, liseme kama ulivyosema leo, hata kama litakuumbua."

"Na adhabu?" niliuliza. Mdomo huu jamani!

"Tutaosha Kikohozi kila Jumamosi kwa mwezi mzima. Wewe kushoto, mimi kulia."

Bibi alirudi siku ya nne. Bandeji ilipotolewa alinishika kidevu, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia baba.

"Kumbe mdomo wenyewe mdogo hivi? Basi msiuzibe."