Picha Tatu Katika Fremu Moja

Kila akitoka shule, Chiriku alivua sare na kwenda karakana ya babu yake, fundi wa fremu. Kazi yake ilikuwa kufuta vioo kwa gazeti lililoloweshwa. Jina la Chiriku alilipata kwa kuongea tangu asubuhi mpaka jioni, lakini leo alikuwa kimya.

"Umetiwa gundi mdomoni?" Babu aliuliza. "Ile fremu ya shule iko wapi? Kesho ni Siku ya Viongozi. Mwalimu mkuu yuko njiani."

Chiriku alionyesha ukutani. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona.

"Ni paka, Babu. Ameruka, akaiangusha."

"Ehee. Na paka huyohuyo ndiye aliyeisimamisha badala ya kuilaza mezani? Basi nimwajiri, maana kwa ufundi huo anafanana na mjukuu wangu!"

Chiriku aliinama. Wiki hiyo Babu alikuwa ameahidi kumfundisha kukata kioo. Akisema kweli, ataaminiwa tena?

Babu hakugomba. Aliipindua fremu, akang'oa misumari na kuinua ubao wa nyuma. Pale palikuwa na picha ya mzee mwenye kofia. Chini yake, mwingine mwenye miwani. Mbele kabisa, yule wa tatu anayeonekana shuleni.

"Babu! Mbona wamelaliana?"

"Niliwalaza mimi. Zamani sikukuu ilikuwa siku aliyozaliwa huyu, kiongozi wa kwanza wa nchi. Akaja wa pili, akaifuta, akaweka yake. Wa tatu naye vilevile. Wao wakibadilishana kiti, sisi tunabadilishiwa sikukuu! Na kila mara amri: choma picha ya zamani. Nichome? Thubutu! Nilitia mpya mbele, ya zamani ikabaki nyuma."

"Sasa hii ya viongozi wote ilitoka wapi?"

"Kwa watu kuchoka. Wa tatu alipoondoka, walimu, wauza mboga na mafundi tulijaa uwanjani. Tukasema hafutwi mtu tena. Iwe siku moja ya wote, tukumbuke mema yao na mabaya yao. Hatukupewa kwa hisani, mjukuu wangu. Tuliidai."

Akapuliza vumbi. "Ukifunika kitu hujakifuta. Kipo tu, kinangoja fremu ifunguliwe."

Mlangoni mwalimu mkuu alipiga hodi. Babu aliendelea kupangusa picha. Chiriku akamwendea mgeni.

"Shikamoo, Mwalimu. Kioo nimekivunja mimi. Fremu niliiegemeza ukutani, nikakimbilia kuruka kamba, ikaanguka. Paka nilimsingizia."

"Marahaba," mwalimu alijibu polepole, kisha akaziona picha. "Huyu wa kofia! Nilimwimbia nikiwa darasa la pili. Kumbe bado yupo?"

"Wote wapo," Babu alisema. "Ukutani kwenu patatosha watatu?"

"Patatosha, mzee wangu. Nitapigilia misumari mwenyewe."

Jioni hiyo kamba haikurukwa. Chiriku alipiga msasa mbao za fremu mbili mpya. Kilipobaki kioo cha mwisho, Babu alimwekea mkononi kifaa cha kukatia.

"Lakini nilidanganya, Babu."

"Ulidanganya, kisha ukajisema mwenyewe bila kusukumwa. Wapo wakubwa niliowatengenezea fremu za dhahabu, na hilo liliwashinda. Kosa likisemwa hurekebishwa. Likifichwa, wajukuu hulirithi. Haya, shika rula. Mkono usitetemeke."